UZI: Siku maliwali wa Mughal walipogoma kuhamishwa

#1 wino_mweusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahirisha siku nyingi, leo naushusha. Vuta kiti, ni mrefu.

Kuna sarafu moja ya fedha ya Bengal, mashariki mwa Bara Hindi, ambayo picha yake hainitoki kichwani. Maandishi ni ya Kiajemi. Ina jina la mfalme, Shah Alam wa Pili. Ina jina la mji ilikopigwa, Murshidabad. Na ina mwaka: wa 19 wa utawala wake, ambao kwa hesabu unaangukia 1777 au 1778. Sasa sikia kituko. Sarafu zenye mwaka huohuo wa 19 zilipigwa miaka ya 1790, zikapigwa baada ya 1800, zikaendelea kupigwa hata Shah Alam alipofariki mwaka 1806. Mji nao ni wa uongo, nyingi zilitoka Calcutta. Na mpigaji hakuwa mfalme. Ilikuwa ni Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa na jeshi, ina hazina, ina mahakama, ina kila kitu. Ni mwaka 1835 tu ndipo ilipoacha na kuweka sura ya mfalme wa Uingereza.

Mtu mwenye kila kitu anataka nini na jina la marehemu asiye na kitu?

Kujibu hilo inabidi turudi hadi mwaka 1707, na kabla ya hapo tuelewe mtambo wenyewe ulivyokuwa ukizunguka.

Dola ya Mughal, ile ya wafalme Waislamu waliotawala sehemu kubwa ya India, ilianza 1526, Babur alipompiga Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi, pale Panipat. Lakini fundi wa mtambo ni mjukuu wake Akbar, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605. Kila mkubwa wa dola alipewa cheo chenye namba, kinaitwa mansab. Namba hiyo ndiyo iliyosema mshahara wako ni kiasi gani na unatakiwa uwe na wapanda farasi wangapi. Mshahara wenyewe kwa wengi haukutoka dirishani kwa mhazini. Ulipewa jagir, yaani eneo ambalo kodi yake ni yako kukusanya, ujilipe na uwalipe askari wako.

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Jagir haikuwa shamba lako. Ulipewa kodi tu, udongo si wako, na baada ya miaka mitatu minne unahamishwa. Ulikuwa Punjab, barua inakuja, unaenda Gujarat. Ukifa, mwanao harithi eneo lako, anaanza na cheo chake mwenyewe akipewa. Isitoshe kila jimbo lilikuwa na vichwa viwili: liwali mwenye askari, na diwani mwenye daftari la fedha (huyu si yule wa kwenye baraza la kata, ingawa neno ni lilelile). Diwani hakuwa mtumishi wa liwali, aliripoti moja kwa moja juu kwa diwani mkuu. Mwenye upanga hana pesa, mwenye pesa hana upanga, na wote wawili hawakai sehemu moja muda wa kutosha kupata mashemeji.

Shikeni hiyo. Kila nitakachosema baada ya hapa ni habari ya vifungo vitatu kukatika: uhamisho, vichwa viwili, na kutorithi.

Nakuja na Aurangzeb.

#2 kiti_cha_mbele

Tupo mkuu. Shusha nondo.

#3 wino_mweusi (mleta uzi)

Aurangzeb alikaa kitini miaka 49, kuanzia 1658. Mwaka 1681 akashuka kusini, Deccan, kuwakomesha Wamaratha, wapiganaji Wahindu wa magharibi ya huko, na kuzimeza falme za Bijapur na Golconda. Hakurudi tena kaskazini. Miaka 26 ya mwisho ya maisha yake aliishi kwenye kambi, mji wa mahema unaotembea na wafanyabiashara wake, makarani wake na ofisi zake zote. Bijapur ilianguka 1686, Golconda 1687. Kwenye ramani, dola haijawahi kuwa kubwa kama wakati ule.

Lakini ukiteka ufalme, unapata na wakubwa wake, na hao huwezi kuwaacha wakizurura na panga. Unawapa vyeo. Wamaratha nao walinunuliwa kwa vyeo, mmoja baada ya mwingine. Kila cheo kinataka jagir. Na ardhi mpya ya Deccan ilikuwa imechakazwa na vita, kodi iliyoandikwa daftarini haikukusanyika hata nusu. Waajemi wana msemo wa hali hiyo: komamanga moja, wagonjwa mia. Watu walikaa kambini miaka wakingojea barua ya eneo, na waliopata walikuta Mmaratha alishapita kuchukua chake.

Ukiwa na jagir ambayo hujui utakaa nayo muda gani, utamkamua mkulima. Ukiwa na jagir nzuri, hutaki kuhama. Na ukiona mfalme mwenyewe yuko mbali, mzee wa miaka 80 na ushee, unaanza kufikiria watoto wako.

Alifariki Machi 1707 huko Ahmadnagar, ana miaka 88. Kaburi lake liko Khuldabad, halina kuba, liko wazi juani kwa matakwa yake mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuona Taj Mahal, aliyoijenga baba yake, atashangaa.

#4 mchungaji_wa_ramani

Mleta uzi, unamwepusha Aurangzeb. Kila mtu anajua aliiua dola kwa udini. Alirudisha jizya, kodi ya kichwa, 1679 kwa wasio Waislamu, akavunja mahekalu, Wahindu wakaasi. Huo mlolongo wa vyeo na jagir ni kuzungusha maneno.

#5 wino_mweusi (mleta uzi)

Mkuu, jizya aliirudisha kweli, na mahekalu yalivunjwa kweli, sikatai. Na Marajputi wa Marwar, wakubwa wa kivita wa Kihindu, kuanzia 1679 walipigana naye kwa miaka mingi. Lakini nisaidie hapa: maofisa Wahindu katika vyeo vya juu waliongezeka au walipungua miaka yake ya mwisho? Waliongezeka, kwa sababu ya hao Wamaratha aliowaingiza. Na waliokuja kuimega dola vipandevipande, wale wa Hyderabad, Awadh na Bengal, ni Waislamu watupu, tena watumishi wake au wa wazao wake. Udini unaeleza baadhi ya maasi. Hauelezi kwa nini liwali Mwislamu wa Bengal aliacha kupeleka pesa kwa mfalme Mwislamu wa Delhi.

Tuendelee. Baada ya 1707 mambo yalikwenda mbio, na sehemu hii nitaipitia harakaharaka maana ni damu tupu. Watoto watatu waligombea. Aliyeshinda, Bahadur Shah, alikuwa na miaka 63, akawaua ndugu zake wawili vitani na kufariki 1712. Jahandar Shah akafuata, akanyongwa 1713. Farrukhsiyar akaingia kwa mabega ya ndugu wawili wa ukoo wa Sayyid, Abdullah Khan na Husain Ali Khan. Ndugu hao hao wakamtoa Februari 1719, wakampofusha, kisha akanyongwa. Mwaka huohuo mmoja wakaketishwa wengine watatu, wawili wakafa kwa maradhi ndani ya miezi, wa tatu ni Muhammad Shah, aliyedumu hadi 1748.

Sasa jiweke wewe ni liwali, uko mbali na Delhi. Barua ya uhamisho inakuja na muhuri wa mfalme. Unauliza wajumbe: mfalme gani?

#6 hesabu_za_usiku

😂 "Mfalme gani." Hapo nimeelewa zaidi ya vipindi vyote vya historia nilivyokaa darasani.

#7 wino_mweusi (mleta uzi)

Nianze na Bengal, maana ndiyo mfano ninaoupenda.

Murshid Quli Khan. Inasimuliwa kwamba alizaliwa Mbrahmini (tabaka la makuhani wa Kihindu) huko Deccan, akauzwa utotoni, akalelewa na ofisa Mwajemi. Aurangzeb alimpeleka Bengal kama diwani mwaka 1700, kazi yake fedha tu. Liwali alikuwa mjukuu wa Aurangzeb mwenyewe, Azim-us-Shan. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja. Diwani akaondoka Dhaka na ofisi yake yote, na makarani, na wenye benki, akahamia mji wa Makhsusabad, ambao baadaye ukachukua jina lake: Murshidabad. Ndiyo ile iliyoandikwa kwenye sarafu yangu.

Kisha akafanya kitu ambacho karani tu angekifikiria. Jagir nyingi za maofisa ndani ya Bengal akazirudisha hazina kuu, na wenyewe akawapa maeneo Orissa, ambako ardhi ilikuwa duni. Mfalme akafurahi, maana kapu lake lilijaa. Maofisa wakanuna, lakini wangefanya nini? Matokeo yake ni kwamba Bengal ilibaki na mkusanyaji mmoja mkubwa, yeye. Mwaka 1717 akapewa na uliwali juu ya udiwani. Vichwa viwili vikawa kimoja.

Na huyu mtu alikuwa mwaminifu! Kila mwaka alituma Delhi zaidi ya rupia milioni 10, nyingi kwa mikokoteni yenye ulinzi. Miaka hiyo Delhi iliishi kwa pesa ya Bengal. Hakuasi siku hata moja. Alipofariki 1727 mkwe wake Shuja-ud-Din akashika kiti, na Delhi ikapiga muhuri. Kifungo cha kutorithi kilikatika hapo, bila risasi.

Mwaka 1740 Alivardi Khan akampindua mtoto wa huyo mkwe na kumuua vitani pale Giria. Naye akapata muhuri. Baada ya hapo ndipo ule msafara wa hazina kwenda Delhi ulipokauka.

Jambo dogo kwa wapenda maneno. Biashara ya fedha Murshidabad ilishikwa na familia ya wenye benki iliyopewa jina la heshima Jagat Seth, "mwenye benki wa dunia". Walihamisha pesa kwa karatasi ziitwazo hundi. Ndiyo, hundi hii hii yetu. Na laki tunayohesabia pesa ni ya hukohuko.

#8 mchungaji_wa_ramani

Laki kumbe si yetu? Haya, nimenyamaza. Ila bado sijakubali juu ya Aurangzeb.

#9 wino_mweusi (mleta uzi)

Si lazima ukubali mkuu, twende.

Hyderabad. Nizam-ul-Mulk alikuwa mwanasiasa mkongwe wa ukoo uliotoka Asia ya Kati, alilelewa kwenye vita vya Aurangzeb. Mwaka 1722 Muhammad Shah alimleta Delhi kuwa waziri mkuu. Akajaribu kunyoosha mambo, akakuta vicheko. Mwaka 1724 akaaga, akateremka Deccan bila ruhusa ya maana. Mfalme kwa siri akamwandikia liwali wa Hyderabad, Mubariz Khan, amzuie. Wakakutana Shakar Kheda, Oktoba 1724, Mubariz Khan akauawa.

Sikilizeni alichofanya Nizam. Alikikata kichwa cha Mubariz Khan, akakituma Delhi pamoja na barua ya kumpongeza mfalme kwa ushindi dhidi ya mwasi. Mfalme angesema nini? Mwaka uliofuata akampa cheo kipya, Asaf Jah. Ukoo huo ulitawala Hyderabad hadi 1948.

Awadh, jimbo la kaskazini, ni hadithi hiyohiyo kwa sauti ya chini. Saadat Khan, Mwajemi, aliteuliwa 1722, akakusanya kodi vizuri, akaweka watu wake. Delhi ilipotaka kumhamishia Malwa alikataa, na hakuna aliyemlazimisha. Hicho ndicho kifungo cha kwanza. Kiti kikaenda kwa mpwa wake ambaye pia alikuwa mkwewe, Safdar Jang, na baadaye Lucknow ikaja kuwa mji wa washairi na wapishi, watu wakaikimbilia kutoka Delhi.

Angalieni hao watatu. Hakuna aliyejitangaza mfalme. Hotuba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina la mfalme wa Delhi, sarafu zikapigwa kwa jina lake.

#10 kiti_cha_mbele

Swali mkuu. Na Nadir Shah, yule mfalme wa Uajemi? Mimi niliambiwa ndiye aliyeimaliza dola.

#11 wino_mweusi (mleta uzi)

Nadir Shah aliingia nyumba ambayo mlango ulikuwa wazi.

Februari 1739, Karnal, siku moja kaskazini mwa Delhi kwa mpanda farasi mzuri. Jeshi la Mughal lilikuwa kubwa lakini kila mkubwa alikuja na watu wake na mpango wake. Saadat Khan alifika amechoka, akasikia mizigo yake imevamiwa, akaingia vitani bila kungoja wenzake. Khan Dauran, mkubwa mwingine wa Delhi, akamfuata kumsaidia. Nizam na mfalme wakabaki wanatazama. Baada ya saa chache Saadat Khan ni mateka na Khan Dauran ana majeraha yaliyomuua.

Halafu huja sehemu ambayo wasimulizi wa zama zile waliiandika kwa uchungu. Nizam alienda kuzungumza na Nadir, wakakubaliana alipwe laki 50 za rupia aondoke. Lakini cheo cha Khan Dauran, kile cha mkuu wa malipo ya jeshi, kilikuwa wazi, na mfalme akakipeleka upande wa Nizam. Saadat Khan alikitaka. Kwa hasira akamwambia Nadir: laki 50 ni za nini? Nenda Delhi, kule utapata milioni 200.

Nadir akaenda. Tarehe 22 Machi, baada ya uvumi kwamba ameuawa na watu kuwashambulia askari wake, aliamuru mauaji ya saa kadhaa ambayo makadirio ya kawaida huweka waliokufa kati ya 20,000 na 30,000. Akaondoka Mei na Kiti cha Tausi, na almasi ya Koh-i-Noor, na mali nyingi kiasi kwamba aliwasamehe Waajemi kodi ya miaka mitatu. Saadat Khan mwenyewe alikuwa ameshakufa, hata hakuona mwisho.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Nadir alichukua dhahabu. Majimbo yalishaondoka kabla yake, 1717, 1722, 1724.

#12 farasi_wa_deccan

Mleta uzi nina ugomvi na wewe. Uzi wote unazungumzia maliwali kama vile Wamaratha walikuwa nzi. Shivaji, mfalme wao, alitawazwa Raigad 1674, miaka 33 kabla Aurangzeb hajafa. Hawa hawakuteuliwa na mtu wala hawakugoma kuhama. Mwaka 1737 Bajirao, waziri mkuu wao, alifika na wapanda farasi wake hadi kwenye viunga vya Delhi. Wao ndio walioivunja dola, hao wengine waliokota vipande.

#13 wino_mweusi (mleta uzi)

Umenipata, ni kweli niliwapunja. Shivaji hayumo kabisa kwenye kanuni yangu ya vifungo vitatu. Masingasinga wa Punjab nao hawamo, wala Majati wa Bharatpur: hao walitoka chini, kwa wakulima na wenye ardhi, wakapigana. Banda Singh Bahadur, kiongozi wa Masingasinga, aliuawa Delhi 1716, na watu wake wakashika Lahore 1765. Ranjit Singh, Singasinga mwenzao, alipoingia Lahore 1799 alikuta kazi nusu imeshafanywa na vizazi viwili.

Ila nakurudishia kidogo. Mwaka 1719 Peshwa (yaani waziri mkuu wa Wamaratha) Balaji Vishwanath alipopanda Delhi na jeshi la Husain Ali Khan, alirudi na nini? Karatasi. Hati ya mfalme inayowapa Wamaratha chauth, robo ya kodi ya majimbo sita ya Deccan, na asilimia 10 nyingine juu yake. Walikuwa wanachukua tayari kwa mkuki. Kwa nini wakahangaika na muhuri?

#14 farasi_wa_deccan

Kwa sababu mwenye kijiji akiuliza "wewe nani?", unamwonyesha hati. Mkuki unakupatia kodi ya mwaka huu tu.

#15 wino_mweusi (mleta uzi)

Mkuu, umemaliza. Hilo jibu ndilo nililokuwa nalizunguka tangu posti ya kwanza.

Baada ya 1761, Wamaratha walipopigwa na Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan pale Panipat, bado walirudi. Mwaka 1772 ni wao waliomrudisha Shah Alam Delhi kutoka Allahabad alikokuwa anaishi kwa hisani ya Waingereza. Mwaka 1784 Mahadji Shinde, mtu mwenye nguvu kuliko wote kaskazini, alimwomba mfalme huyo asiye na jeshi ampe Peshwa cheo cha wakala mkuu wa dola, na yeye Shinde awe naibu. Watu wa Delhi wakati huo walikuwa na utani kwa Kiajemi wenye vina: ufalme wa Shah Alam, kutoka Delhi hadi Palam. Palam ni pale ulipo uwanja wa ndege sasa.

Na Waingereza walifuata njia iliyochongwa tayari. Walishinda Plassey 1757, wakashinda Buxar 1764 dhidi ya Mir Qasim wa Bengal, Shuja-ud-Daula wa Awadh na Shah Alam kwa pamoja. Wangeweza kujitangaza. Badala yake Agosti 1765 waliomba wapewe... udiwani wa Bengal, Bihar na Orissa. Cheo kilekile cha Murshid Quli Khan. Kwa malipo ya laki 26 kwa mwaka kwa mfalme, ambayo miaka michache baadaye waliacha kuyalipa, kama waliowatangulia.

#16 hesabu_za_usiku

Kwa hiyo sarafu ya mwaka wa 19 ni muhuri wa diwani?

#17 wino_mweusi (mleta uzi)

Ndiyo, kwa sehemu. Na sehemu nyingine ni ya sokoni kabisa, wala haina siasa. Wabadili fedha walikata thamani ya rupia kadiri mwaka wake ulivyozidi kuwa wa zamani, hata kama uzito ni uleule. Kampuni ilipogandisha mwaka kwenye 19, sarafu zote zikawa za umri mmoja na wabadili fedha wakakosa cha kukata.

#18 mchungaji_wa_ramani

Na mwisho wake? Hyderabad waliendelea kuandika jina la nani?

#19 wino_mweusi (mleta uzi)

La mfalme wa Delhi, hadi yalipokuja maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho, mzee wa miaka 80 na zaidi, akashtakiwa na Waingereza ndani ya jumba lake mwenyewe, akasafirishwa Rangoon, akafia huko Novemba 1862. Nizam akabaki na kiwanda cha sarafu na hana jina la kuweka.

Hakuweka lake. Aliweka la Asaf Jah, yule wa kichwa na barua ya pongezi, aliyefariki 1748. Na juu yake namba 92, ambayo ni jumla ya herufi za jina Muhammad kwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake.